Shemeji wa Barafu

Dada yangu hakuolewa, lakini shemeji ninaye. Ni mwezi. Si huu wetu unaochomoza nyuma ya mapaa ya nyumba. Huu una watu wengi wa kuutazama na kuusifia. Wa dada ni mdogo, umeganda barafu pande zote, na unazunguka sayari kubwa iliyo mbali kiasi kwamba jua likifika huko halina nguvu hata ya kukausha soksi. Sayari hiyo ina miezi mingi. Ipo yenye sifa, iliyopigwa picha ikatundikwa kwenye kuta za shule. Huu wa dada hauna sifa yoyote. Aliuchagua mwenyewe, au alipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka, hilo sikuwahi kulijua vizuri. Akakaa nao zaidi ya miaka ishirini.

Kila asubuhi nilipompelekea chai nilimwuliza, "Shemeji kaamkaje?"

"Kalala," angesema, macho kwenye kompyuta.

Huo ndio uliokuwa utani wetu. Siku nyingine ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu yote.

Kazi yake nitaieleza kama nilivyoielewa mimi fundi cherehani, na wenye elimu yao wanisamehe. Kilirushwa chombo kwenda kwenye ile sayari. Kikaizunguka miaka mingi, na mafuta yalipokaribia kwisha kikatumbukizwa humohumo ndani ya sayari, kikaungua. Chombo hicho kilikuwa na jicho la kuona urujuanimno, yaani mwanga ulio ng'ambo ya zambarau, ambao macho yetu haya hayauoni. Sisi washonaji tunaujua kwa hasara zake: ndio unaopausha kitambaa kikikaa sana dirishani. Huko angani una faida. Hewa nyembamba kabisa, ambayo kamera ya kawaida ingeipita kama haipo, hung'aa kidogo katika mwanga huo. Kwa hiyo kama ule mwezi una ufa mahali, na mvuke wa maji unatoka chini ya barafu, lile jicho lingeuona. Mvuke maana yake kuna maji chini, na kuna joto.

"Maana yake haujafa," dada aliniambia siku moja. Ni mara chache sana nilimwona akizungumza kwa mikono, na siku hiyo aliitumia yote miwili.

Hicho ndicho alichokitaka. Hakutaka cheo wala nyumba ya ghorofa. Alitaka kujua kama mwezi wake unapumua.

Mume angeweza kumpata. Kulikuwa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole mwenye mashati yaliyopigwa pasi na mama yake, akamsubiri dada aliyekuwa masomoni nje. Akasubiri, akachoka, akaoa mwingine, na akatualika harusini. Dada alikuwa amesharudi, na koti zito ambalo hapa kwetu halina kazi. Akawapelekea maharusi seti ya sufuria, akala wali, akarudi nyumbani akaendelea na namba zake. Nilimwuliza kama roho inamuuma. Alinijibu kwamba sufuria zilikuwa nzuri. Lile koti baadaye liliingiwa na nondo, nikalikata nikashona mito ya viti.

Timu yao kwenye taasisi ya anga ilikuwa ya watu tisa. Chombo kilipoungua walitawanyika mmoja mmoja: huyu kapata kazi ya hali ya hewa, yule kaenda kufundisha, profesa wao akafariki. Dada akabaki na dawati kwenye chumba kinachowekwa viti vibovu. Mwisho akaona heri ahamishie kazi nyumbani. Mkurugenzi, ambaye si mtu mbaya, akamwambia ana muda hadi mwisho wa mwaka. Baada ya hapo astaafu, na namba za mwezi wake zihifadhiwe huko vinakohifadhiwa vitu ambavyo hakuna atakayeviuliza tena.

Mimi nilihamia kwake baada ya ndoa yangu kuvunjika. Nilikwenda na begi moja na cherehani, nikasema ni kwa wiki chache tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikwenda nalo. Nikaliweka sebuleni karibu na dirisha, nikawa nashona sare za shule. Zile wiki chache zikawa miaka kumi na moja. Nilipika, nilifua, nililipa umeme zamu yangu. Chumba chake kilikuwa upande wa pili wa ukuta mwembamba kama kadi ya harusi. Cherehani ikinguruma, redio ikisema, mimi nikigombana na kitambaa, "Kola we, hebu kaa sawa," yote hayo aliyasikia. Au mimi nilidhani anayasikia.

Sasa ngoja nieleze namna alivyopima, kwa sababu mambo yote yamelala hapo. Alichukua kipimo cha mwezi. Kisha alichukua kipimo cha anga tupu pembeni mwa mwezi, akakitoa kwenye kile cha kwanza. Kinachobaki ndicho cha mwezi wenyewe. Ni kama muuza mafuta anavyopima kwanza chupa tupu, ili usilipie chupa. Profesa wao ndivyo alivyowafundisha, na watu wote wa kazi ile ndivyo wafanyavyo. Dada akatoa, akatoa, miaka nenda miaka rudi. Ukiacha mng'ao wa barafu, kila mara kilichobaki kilikuwa sifuri.

"Shemeji kaamkaje?"

"Kalala."

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa mchana, jua kali, nami napiga pasi mashati ya shule. Dada alikuwa anaongea na mkurugenzi kwa simu. Siku hizi masikio yake yameanza kuchoka, anaweka sauti ya nje, hivyo sikuhitaji kutega sikio. Walizungumza mambo ya kustaafu. Mkurugenzi akauliza kwa upole, "Na nyumbani je, utakuwa na nani?"

"Sina mtu," dada akasema. "Naishi peke yangu."

"Pole sana, mama."

"Nimezoea. Nyumba imetulia. Nafanya kazi vizuri."

Niliunguza mkono wa shati la mtoto wa watu.

Kama angekuwa amesema kwa hasira, ningemsamehe kabla pasi haijapoa. Kama angekuwa ananificha kwa sababu fulani, ningecheka. Lakini alisema kama mtu anavyosema leo ni Jumatano. Alikuwa hasemi uongo. Hilo ndilo lililoniuma mpaka nikakosa pa kuliweka: dada yangu alikuwa anaamini anaishi peke yake, na chai aliyokuwa anakunywa wakati anasema hivyo nilikuwa nimeipika mimi.

Nilifungasha nguo. Cherehani nikaitia kwenye gari la kukodi. Nikasimama mlangoni kwake.

"Dada, nakwenda kwa kaka."

"Sawa," akasema. "Funga mlango, upepo unapeperusha karatasi."

Kwa kaka kuna watoto wanne na mlango ambao haufungwi. Wifi yangu alinipokea vizuri, akanipa kitanda pamoja na binti zake wawili wanaolala kama wanapigana. Humo ndani hakuna hata pembe iliyotulia, na bado sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa pale. Kwa dada nilikuwa mpweke kwenye kazi zangu. Kwa kaka nilikuwa mpweke mikono mitupu, naambiwa, "Kaa, shangazi, pumzika."

"Mmegombana?" kaka aliniuliza.

"Hatujagombana. Ili mgombane lazima mwenzio ajue upo."

Kaka akatikisa kichwa. "Unamjua dada. Yule anaona vya mbali. Hata tulipokuwa wadogo, ungeweza kula sahani yake mbele yake."

"Wewe ulikuwa unakula."

"Nilikula sana," akakiri, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikacheka.

Simu haikuja. Nilijiambia sijali, nikawa naiangalia hata nikiwa bafuni na sabuni mwilini. Kimya kingi kina mshindo mkuu, husema watu. Cha dada hakikuwa na mshindo wowote. Usiku machozi yalinitoka nikiwa nimebanwa kati ya magoti ya watoto, nikayameza nisije nikawaamsha. Nilikuwa mwanamke wa miaka hamsini na moja na nilitaka dada yangu anitafute.

Simu ikaja asubuhi moja wakati namchambulia wifi mchele.

"Mdogo wangu," akasema bila salamu, "kuna kitu kimeharibika hapa nyumbani."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kuna kitu kilikuwa kinafanya kazi, sasa kimezimika. Nimeangalia friji, inafanya kazi. Umeme upo. Maji nimefungua, yanatoka. Kompyuta nzima. Lakini kuna kitu hakipo, na siwezi kufanya kazi. Wewe unaijua nyumba. Ni nini?"

Nikaweka ungo chini. Nilijua kabisa ni nini, na nilijua kwamba yeye hajui, na sijui kama nilikuwa nataka kulia au kumtukana.

"Ni mimi, dada."

"Eeh?"

"Kilichozimika ni mimi."

Nikamsikia anapumua. Nilingoja aseme "samahani", au "rudi", au hata "nisikupotezee muda". Nilingoja mpaka wifi akanionea huruma akatoka nje.

"Ah," dada akasema mwishoni, taratibu, kama mtu aliyeguswa begani. Kisha: "Nitakupigia."

Akakata.

Nilitukana. Nilitukana matusi ambayo watoto wa kaka hawakuwahi kuyasikia, na wakayapenda. Miaka kumi na moja, halafu ah! Nikaapa sitarudi hata nikiitwa kwa tarumbeta. Nikatafuta fremu ya duka ya kukodi karibu na shule ili nihamishie cherehani. Nikamwambia kaka kwamba damu nzito kuliko maji, ndiyo, lakini ya dada imeganda barafu.

Zikapita wiki tatu kamili bila neno.

Siku aliyopiga tena sauti yake ilikuwa imekauka, kama hakuwa ameongea na mtu tangu ile "ah" yake. Na hakuwa ameongea.

"Haikuwa tupu," akasema.

"Nini?"

"Ile anga ya pembeni. Haikuwa tupu. Rudi nyumbani nikueleze."

"Nieleze kwa simu."

"Siwezi. Rudi, mdogo wangu. Tafadhali."

Hilo neno la mwisho sikuwahi kulisikia kinywani mwake likielekezwa kwangu. Nikarudi siku hiyohiyo. Kiapo ni cha mtu mwenye nafasi.

Nilimkuta amekonda. Jikoni kulikuwa na maganda ya mikate na birika iliyoungua. Alinivuta mpaka kwenye kompyuta, akanikalisha kwenye kiti chake yeye, mwenyewe akasimama.

"Ulipoondoka," akasema, "niliona sasa nitafanya kazi sana, hakuna kelele. Nikashindwa. Nikadhani masikio yameharibika zaidi. Nikakupigia, ukasema ni wewe. Basi nikajua kwamba utulivu nilioupima miaka yote haukuwa utulivu. Ulikuwa wewe. Nilishakutoa kwenye hesabu siku nyingi nikabaki na sifuri, nikaita sifuri hiyo nyumba yangu." Alikuwa anaangalia kioo cha kompyuta, haniangalii mimi. "Halafu nikajiuliza: na kule, kwa mwezi, nimekuwa nikitoa nini?"

Alikuwa amekwenda kutafuta anga tupu ya kweli. Aliipata kwenye vipimo vya zamani kabisa, vya wakati chombo kiko njiani hakijaifikia sayari. Mafundi walikuwa wamefungua jicho kulijaribu mahali pasipo na kitu. Vipimo hivyo hakuna aliyevitaka tangu siku ile. Akachukua utupu huo, akausawazisha, kwa sababu jicho lilizeeka na kuanza kuona hafifu kama letu sote, kisha akautoa kwenye kipimo cha mwezi badala ya ile anga ya pembeni. Na safari hii hakikubaki sifuri.

"Uko hapa," akasema, akiweka kidole kwenye kioo. "Na hapa pembeni. Na hapa. Mvuke umetapakaa njia nzima mwezi unakopita. Miezi mingine haipiti hapa, ni huu wangu tu. Unatoka kidogo kidogo miaka mingi, umejaa pande zote. Kila nilipochukua kipimo cha pembeni nikidhani ni utupu, nilikuwa nauchukua wenyewe. Nautoa wenyewe kwa wenyewe."

Kwenye kioo mimi niliona wingu la rangi hafifu, duara, kama doa la maji kwenye kitambaa cha hariri. Nililitazama kwa muda.

"Kwa hiyo shemeji kaamka?"

Dada akaziba uso kwa viganja. Mabega yakamtikisika. Nilidhani anacheka, nikasubiri, kisha nikaona si kicheko, nikasimama nikamshika. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyomkumbuka. Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kofi kwa mkono uleule. Hakusema samahani, na mimi sikuiomba. Nilikwenda jikoni kusugua birika.

Mkurugenzi alifurahi kwa dhati. Watu wa nchi za mbali walikagua hesabu zake kwa miezi, wakatafuta kosa, wakalikosa, wakaandika kumpongeza. Lakini muda wake haukuongezwa. Fungu la fedha lilikuwa limeshagawiwa kwingine. Na chombo ndio hicho kimeshaungua. Nilimwuliza kama watatuma kingine kikautazame mwezi vizuri. Akasema kikianza kuundwa leo, kitafika huko yeye akiwa ardhini muda mrefu. Alisema hivyo huku anakunja karatasi zake, na niliona anazikunja polepole, kila moja mara nne.

Siku ya kumuaga taasisi iliandaa ukumbi na soda. Nilimshonea gauni la kijivu, nikaketi viti vya nyuma kati ya watu nisiowajua wanaotumia maneno nisiyoyajua. Dada alizungumza kwa sauti yake ya chini, bila madoido, kama anasoma bei za vitambaa. Alipomaliza wakapiga makofi. Kisha mwalimu mmoja kijana, mwanamke, akasimama.

"Mama, kila mtu ametumia anga ya pembeni miaka yote hii. Hata sisi tunafundisha hivyo. Nini kilikufanya uitilie shaka?"

Dada akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni nililomshonea.

"Mdogo wangu aliondoka nyumbani," akasema.

Ukumbi mzima ukacheka. Waliona ni utani mzuri wa bibi mstaafu, na wengine wakapiga makofi tena. Dada hakucheka. Alikuwa ananitafuta, macho yanapita safu kwa safu, na bila miwani haoni zaidi ya safu ya pili. Niliinua mkono juu kabisa. Macho yake yakapita juu ya mkono wangu yakaendelea, na mwenyekiti akamshukuru, na watu wakaelekea kwenye soda.

Tulirudi nyumbani tukiwa tumechoka. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango, nami nikavua viatu nikaketi kwenye cherehani, kwa sababu shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na nilikuwa nyuma na sketi. Nikashona kipande kirefu. Uzi wa chini ukaisha katikati ya pindo, nikasimamisha mashine nitoe bobini.

Mlango wake ukafunguka kidogo.

"Upo?"

"Nipo, dada. Uzi umeisha."

"Aha," akasema. Hakufunga mlango. Nikatia uzi mpya, nikaendelea kushona.